Kauri Inayopumua Oksijeni
Mwaka 1897 Mjerumani Walther Nernst alitengeneza taa kwa kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria, kitu kisichopitisha umeme kikiwa baridi lakini kikikolea moto hukubali. Mwaka 1937, nchini Uswisi, Emil Baur na Hans Preis wakaijaribu kauri ya aina hiyo katika seli ya fueli: hewa huku, gesi kule, na katikati ukuta unaoruhusu ioni za oksijeni tu. Elektroni, zikinyimwa njia, huzunguka nje kwa waya, na huo ndio umeme wenyewe. Hakuna mwali wala pistoni. Joto la nyuzi 600 hadi 1,000 za Selsiasi ndilo neema na balaa yake. Kwa joto hilo nikeli inatosha, platini ya bei mbaya haihitajiki, na hata gesi asilia huliwa. Lakini kauri na chuma havitanuki sawasawa. Washa na kuzima ovyo, ufa huo! Kama jiko la mama ntilie, ikishakolea heri iachwe. Wajapani walilielewa hilo: mtambo wa nyumbani wa Ene-Farm S wa mwaka 2012, wa wati 700, hufanya kazi mchana na usiku, na joto lake huchemsha maji ya kuogea. Cha ajabu zaidi, seli hiyo hugeuzika, ikala umeme badala ya kuutoa. Kwenye sayari ya Mirihi, kati ya 2021 na 2023, kifaa cha MOXIE, chenye seli za aina hiyo, kililishwa umeme na kaboni dioksidi, kikatoa gramu 122 za oksijeni.