Wakristo Saba wa Illinois na Aya Tunayoikata Nusu



Leo tunaanza na Wakristo, na tunajua wapo watakaouliza: jamani, sisi na wao wapi na wapi? Subirini kidogo, tutafika nyumbani.

Siku hizi mitandao imejaa kitu kinachoitwa malezi ya asili. Mtoto anyonye anapotaka, alale karibu na mama, abebwe kwa nguo, asiachwe alie mpaka achoke. Sisi visiwani tunacheka, maana bibi zetu walifanya yote hayo kwa khanga moja na bila kulipia kozi. Lakini kwa Wamarekani lilikuwa jambo la kupigania, na waliolipigania mwanzo walikuwa wanawake wa kanisani.

Ilikuwa mwaka 1956. Marekani ya wakati huo chupa ndiyo ilikuwa usasa. Kwa hesabu inayotajwa sana, watoto waliokuwa wakinyonyeshwa hata kwa kuanzia tu walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mama anayetaka kunyonyesha akipewa ratiba ya saa, maziwa yakipungua anaambiwa basi, nunua ya kopo. Wanawake wawili Wakatoliki, Mary White na Marian Tompson, walikuwa kwenye pikniki ya kanisa huko Elmhurst, jimbo la Illinois, wamekaa chini ya mti wananyonyesha. Wenzao wakawa wanawajia mmoja mmoja: sisi tulitaka pia tukashindwa, nyinyi mmewezaje?

Wale wawili wangeweza kujibu, "Mungu ametujaalia," wakaendelea kula. Badala yake wakaita mashoga zao, wakafika saba, wote Wakatoliki, na Oktoba mwaka ule wakafanya kikao cha kwanza sebuleni kwa Mary White, Franklin Park. Mmoja wao, Edwina Froehlich, alizaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 36, akaambiwa ni mzee mno kunyonyesha. Alinyonyesha. Jina la chama walilitoa kwenye kanisa dogo la ibada ya Bikira Maria lililopo St. Augustine, Florida, kwa Kihispania, *leche* maana yake maziwa, kwa sababu zama zile kulitaja ziwa la mama gazetini ilikuwa aibu. La Leche League hiyo leo ina vikundi nchi nyingi duniani. Sisi wenye sura nzima ya Maryam ndani ya Qur'ani hatuna haja ya kushangaa kwamba mama yake Issa aliwatia moyo wanawake wanaonyonyesha. Ibada yao hatuifuati, lakini akili yao tunaiheshimu.

Tunachowapendea ni hiki. Imani yao iliwaambia kwamba mwili wa mama haukuumbwa kwa makosa. Lakini walipokaa na mama mgeni hawakumhubiria, wala hawakuuliza anasali wapi. Walimwonesha: mtoto mshike hivi, mdomo aufungue hivi, usiku wa tatu utalia na ni kawaida, nipigie simu. Dini iliwaleta wao kwenye kikao, na aliyekuja alipewa msaada tu.

Sasa tazameni upande wa pili, Wakristo vilevile, nchi ileile. Miaka ya 1990 mume na mke wa California, Gary na Anne Marie Ezzo, walivuma sana makanisani kwa mafunzo yao ya malezi. Kwao mtoto mchanga aingizwe kwenye utaratibu wa wazazi mapema, na kumfuata fuata kila anapolia ni kumlea awe mbinafsi. Wazazi wengi wakashika kama sharti la ucha Mungu. Mwaka 1998 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa tahadhari kwamba ratiba za kunyonyesha zinazopangwa na wazazi zinaweza kumfanya mtoto asiongezeke uzito na aishiwe maji mwilini. Mama anasikia mwanawe analia njaa, na anajizuia kwa sababu ameambiwa kumchukua ni udhaifu wa imani!

Kwa hiyo imani inaweza kumwinua mama, na inaweza kumfunga mikono.

Na sisi je?

Tunayo aya ya 233 ya Suratul Baqara, na hakuna bibi harusi asiyeijua nusu yake. Kila mtu anamkumbusha mzazi: miaka miwili, Mungu kasema miaka miwili. Mama mkwe anasema, wifi anasema, na bwana aliyekuwa hajui hata aya inaanzia wapi naye anasema. Sisi si mashekhe, ni washonaji, lakini kusoma tunajua. Aya ileile inasema miaka miwili ni kwa anayetaka kukamilisha. Inamtaka baba amlishe na amvishe mama huyo kwa wema. Inakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Inasema wazazi wote wawili wakiridhiana na kushauriana kumwachisha kabla, hawana dhambi. Hata kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine imeruhusu. Na imekaa katikati ya aya za talaka, ndiyo maana wanazuoni wameielewa kuwa hata mama aliyeachwa ana haki ya kutunzwa anapomnyonyesha mtoto wa bwana yule.

Nusu hiyo inakwenda wapi kwenye mawaidha ya harusini? Sisi tunakaa kwenye mawaidha mengi, kwa kuwa nguo za biharusi na za wapambe tunazishona sisi na kualikwa hatukosi. Tumesikia utii, tumesikia manukato, tumesikia namna ya kumpokea bwana mlangoni. Hatujasikia hata mara moja kwamba mama anayenyonyesha asipokula vizuri, anayeulizwa mbele ya Mungu ni baba.

Mwaka mmoja baada ya harusi wateja wetu wanarudi. Wanataka dera litiwe zipu mbele. Ukimpima mtu kiuno kwa mikono yako huna haja ya kuhadithiwa kama anakula. Wengine wanakuja mtoto ana miezi mitatu na tayari ana chupa, wanazungumza kwa sauti ndogo kama waliofanya wizi. Ukikaa nao unakuta arobaini haikufika hata wiki mbili. Hakuna aliyewakanda, hakuna aliyewapikia uji wa pilipili manga, bwana yuko safarini na hela ya matumizi inakuja inapojisikia. Mmoja alikuwa ameachwa na mtoto wa miezi mitano, na aliyemwacha alikuwa bado anamtumia ujumbe asithubutu kumpa mwanawe maziwa ya kopo kwa sababu ni kinyume na Qur'ani. Hela ya chakula hakutuma. Tulipomsomea ile aya mpaka mwisho alitaka tuirudie.

Tusieleweke vibaya. Maziwa ya mama hayana mfano, na mtoto kunyonya tu bila kitu kingine miezi sita ya mwanzo ndiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Tunataka wanyonyeshe zaidi, wala si pungufu. Ila wale wanawake saba hawakuwarudisha Wamarekani kwenye ziwa kwa kuwatisha. Walikaa nao sakafuni. Visiwani tulikuwa na somo na shangazi waliofanya kazi hiyo, na tumewaacha wazeeke bila kurithiwa, tukabaki na watu wa kuamrisha.

Makungwi wetu, tunawaomba kwa heshima zote: katika siku mnazomfunda biharusi, ongezeni saa moja ya kunyonyesha, na aya isomwe yote, bwana harusi naye aitwe asikie nusu inayomhusu. Na wewe mwenye posa mwezi huu, kabla baba hajaitikia mahari, mwambie aulize swali moja mbele ya wazee: nikizaa, arobaini nitakaa kwa nani, na nitakapokuwa nanyonyesha miaka miwili hiyo, chakula changu kitatoka mfuko wa nani? Jibu liandikwe.