Usimwambie Mwanafunzi "Haipo Kwenye Silabasi"

Wadau, naomba nianze kwa kuungama. Nikiwa TP kwenye sekondari moja ya mkoa huu, nilikuwa nafundisha kidato cha sita upitishaji wa umeme. Nikasema, kama desa langu lilivyosema, kwamba almasi haipitishi umeme ila kinywe kinapitisha, ingawa vyote ni kaboni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hizo elektroni za kwenye kinywe zinakimbia sawasawa na za waya wa shaba?"

Nikamjibu: "Haipo kwenye silabasi. Andikeni notsi." Darasa likacheka, binti akakaa. Mpaka TP inaisha hakunyoosha mkono tena.

Hoja yangu ni hii: jibu kama lile ndilo linaloua fizikia mashuleni, na sisi tunaosomea ualimu tunalizoea hapa hapa chuoni. Tunameza desa, tunapiga pepa, tunashukuru Mungu hatujala sapu, basi. Ukweli ni kwamba sikumjibu binti yule kwa sababu nilikuwa sijui.

Alistahili kuambiwa nini? Kinywe ni tabaka juu ya tabaka za kaboni, kama karatasi kwenye rimu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Manchester, Uingereza, walifanikiwa kubandua tabaka moja tu kwa kutumia selotepu, hii hii tunayobandikia matangazo ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Tabaka hilo huitwa grafini. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwenye shaba au silikoni, elektroni huenda kama kitu chenye tungamo: ukiiongezea nishati, inaongeza kasi, kama lori linalopandisha Kitonga. Kwenye grafini sivyo. Huko elektroni zinazobeba umeme zina kasi moja, karibu kilomita 1,000 kwa sekunde, iwe nishati yake ni ndogo au kubwa kiasi. Mwanga nao una tabia hiyo, ila wenyewe una kasi mara 300 zaidi. Ndiyo maana wanafizikia huziita fermioni zisizo na tungamo. Si kwamba elektroni imepoteza tungamo lake. Mpangilio wa atomi ndani ya fuwele ndio unaoifanya iende hivyo.

Wamejuaje? Kwa sumaku na mwanga. Ukiweka grafini ndani ya uga sumaku, elektroni huzunguka, na nishati zake hujipanga kama ngazi. Kwa elektroni za kawaida, vipandio vya ngazi hiyo vinalingana, na ukizidisha uga mara nne, kila kipandio nacho kinakua mara nne. Kwa zisizo na tungamo, vipandio vinabanana kadiri unavyopanda, na ukizidisha uga mara nne vinakua mara mbili tu, kwa sababu vinafuata kipeuo cha pili. Kwenye tesla 1, kipandio cha kwanza ni kama milielektronivolti 36. Kwenye tesla 4 ni 72. Unamulika kwa mwanga wa infraredi, unaangalia ni mawimbi gani yamemezwa, unapata jibu. Kipimo hicho kilifanyika kwa grafini mwaka 2006, Grenoble, Ufaransa. Mwaka 2014 Milan Orlita na wenzake wakaonyesha tabia ya namna hiyo hata ndani ya fuwele nene ya semikondakta ya zebaki, kadimiamu na teluriamu, kadimiamu ikiwa takriban asilimia 17.

Sasa linaloniuma. Mwaka 2009 watafiti wa Grenoble waliripoti kuwa grafini safi kuliko zote zilizowahi kupimwa waliikuta juu ya kinywe cha asili, kile kinachochimbwa ardhini. Sisemi kipande chao kilitoka kwetu. Ila kinywe cha asili tunacho: kipo Mahenge, ng'ambo ya Milima ya Udzungwa, uzungukie Mikumi, ushuke Kidatu na Ifakara. Kipo Lindi, kipo Mererani. Tunakizungumzia kwa tani na betri za magari ya umeme. Sheria ya mwaka 2017 imeipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bure kwenye migodi ya namna hiyo, na ni jambo jema. Ila maarifa ya kilichomo ndani ya jiwe hayana hisa za bure.

Najua mtasema mtihani hauulizi hayo, na maabara nyingi za sekondari hazina hata betri nzima. Ni kweli. Multimita ya shule haitakuonyesha fermioni isiyo na tungamo. Lakini chora mstari mnene wa penseli laini kwenye karatasi, upime ukinzani wake, kisha urefushe mstari upime tena. Mwanafunzi ataona umeme ukipita kwenye kinywe. Dakika kumi zinazobaki, mweleze kuhusu selotepu. Hapo hujavunja silabasi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Klabu ya fizikia itenge jioni moja kila mwezi kwa jambo moja la fizikia ya leo, kwa Kiswahili, bila maksi. Na kila anayekwenda TP aandae angalau somo moja linaloanzia kwenye kitu cha Tanzania. Akiulizwa asichojua, aseme: "Sijui, nipe mpaka Ijumaa."

Na kama binti yule atasoma hapa: dada, swali lako lilikuwa na jibu. Hapana, hazikimbii sawasawa. Samahani nimechelewa.