Mifano Thelathini na Tisa Si Uthibitisho

Ipo desturi moja katika madarasa yetu ya Hisabati ambayo hainiridhishi hata kidogo. Mwanafunzi akiambiwa athibitishe kauli fulani, hujaribu nambari tatu au nne, akaona zinakubali, akaandika kwamba kauli imethibitika. Nasi walimu humpa alama!

Hebu tutazame. Twaa nambari nzima kuanzia 1, uizidishe kwa ile inayoifuata, kisha ujumlishe 41. Kwa 1 utapata 43. Kwa 2 utapata 47. Kwa 3 utapata 53. Zote ni nambari tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Leonhard Euler wa Uswisi aliandika juu ya orodha hii mwaka wa 1772. Endelea hadi 39, nawe hutaona kasoro yoyote. Lakini ukifika 40, utapata 40 mara 41, ukiongeza 41, ambayo ni 41 mara 41, yaani 1681. Hiyo si tasa.

Mifano thelathini na tisa ilikubali. Mmoja ukaiangusha kauli nzima. Mwanafunzi aliyezoea kutosheka na mifano mitatu atatosheka vivyo hivyo na uvumi wa sokoni na ahadi za jukwaani. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu tutoe alama kwa hoja, wala si kwa jibu pekee. Nanyi wanafunzi, msiikubali kauli yoyote, hata iwe yangu, kabla ya kuuliza: kwa nini ni hivyo daima?