Bustani ya Mboga Isimwongezee Mama Ndoo



Wilaya yetu ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua zikinyesha, hapa Nduguti mboga si tatizo: majani ya kunde na ya maboga, mgagani na mlenda viko karibu na mlango. Tatizo huja kiangazi. Tunakula mlenda mkavu tuliouhifadhi, nao ni akiba nzuri, lakini anayetaka mboga mbichi huitafuta sokoni. Huko ananunua fungu la chainizi asilojua lilipuliziwa dawa gani, wala lini. Dawa ya wadudu huwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Mnunuzi haioni chupa hiyo.

Kwa hiyo naunga mkono kila familia ilime mboga zake nyumbani, bila mbolea ya dukani wala dawa za sumu. Lakini nina sharti moja. Tunapohimiza bustani kanisani na mikutanoni, mara nyingi hatuulizi: maji atachota nani? Jibu tunalijua. Ni mama na binti zake. Bustani inayomwongezea mama ndoo tatu kichwani haijaisaidia familia. Imempa kazi nyingine mtu yuleyule aliyekwisha kuchoka.

Basi tuanze na maji yaliyokwisha kuingia nyumbani. Maji ya kuoshea mboga, mchele na vyombo, na ya kusuuzia nguo, tunayamwaga uani kila siku. Hayo yanatosha bustani ndogo. Yenye sabuni kidogo yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike.

Halafu tuyafanye maji hayo yakae. Katika nchi kavu, tuta lililoinuliwa hukauka upesi. Chimba kitalu kilichodidimia kidogo, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha funika kwa majani makavu. Samadi tunayo, maana ng'ombe na mbuzi ni wa kwetu. Ila ikiwa mbichi huunguza miche. Wadudu wakija, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Mchicha huliwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele ukiyapanda mara moja, unachuma muda mrefu.

Wapo watakaosema mboga za namna hii hazitajaza gari kwenda Singida mjini. Ni kweli. Mkulima wa vitunguu wa biashara ana hesabu zake, nami simhukumu. Ninazungumzia sufuria ya nyumbani, na mtoto anayekula ugali kila siku.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Hapa kwetu mafundisho hayo yanaonekana wazi. Ukitunza udongo huku ukimchosha mama, umesikia kilio kimoja tu.

Neno kwa mafrateri: siku moja mtapewa parokia kama hii. Waumini watasikiliza mahubiri yenu juu ya kutunza uumbaji, kisha watatazama nyuma ya nyumba ya mapadre. Jifunzeni jembe sasa, mkiwa seminarini, na msimwachie mpishi kazi ya kumwagilia.

Na kwa akina baba wa jumuiya ndogondogo: kuchimba kitalu na kusomba samadi iwe kazi yetu na vijana wetu wa kiume. Jumuiya ikikutana wiki hii, tukubaliane nyumba ya kuanzia. Ianze ya mjane au ya mgonjwa. Mwenye marando ya matembele alete, mwenye mbegu za mchicha agawe. Mama aje wakati wa kuchuma.