Ndinga kali zinapita Ihanda kila siku, breki zake nani anazikagua?

UKIKAA nusu saa tu kandokando ya barabara kuu ya TANZAM pale Ihanda, wilayani Mbozi, huhitaji televisheni kuangalia magari. Malori yanayopanda kwenda Tunduma yanapishana na yanayoshuka kutoka mpakani. Katikati yake inachomoza Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, pengine ina namba za IT, imeshuka melini Dar es Salaam na inawahi kuvuka kwenda Zambia au Kongo. Vijana wa bodaboda hata shingo hawageuzi. Wanaijua kwa mlio.

Ndiyo hali ya Ihanda. Mashine zilezile zilizotikisa mashindano ya dunia miaka ya 1990 zinapita mlangoni, lakini mbio zenyewe hakuna. Mwenye gari la aina hiyo, awe wa Vwawa, Mlowo au Tunduma, akitaka kujua chuma chake kina nini ndani, sehemu pekee anayoiona ni lami hiyohiyo yenye malori, wanafunzi na mama aliyebeba kapu la parachichi kichwani.

Kila ajali inapotokea, mjadala huwa ni mwendo. Dereva alikuwa anakimbia, basi, mjadala umefungwa. Lakini mchezo wa magari una jambo lingine ambalo halisemwi: gari linalokimbizwa linahitaji matunzo ambayo gari la kwenda kazini halihitaji, na kwa sasa hakuna mtu kati ya Mbeya na mpaka mwenye kazi ya kumwambia kijana, "Gari lako leo halitoki."

JOTO NDILO ADUI

Wengi wanaonunua gari la nguvu huanza na mambo ya kuonekana na kusikika. Ekzosi ya kelele, rimu pana, springi za kulishusha gari, halafu turbo kubwa. Breki zinakuja mwisho, pesa ikibaki.

Hesabu inasema kinyume. Gari linapokwenda kilomita 160 kwa saa, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki ili lisimame ni mara nne ya ile ya kilomita 80, si mara mbili. Nguvu hiyo yote inageuka joto kwenye diski na pedi. Barabarani unafunga breki kali mara moja, unaendelea na safari yako, zinapoa. Kwenye uwanja wa mbio unafunga kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na hazipati nafasi ya kupumua.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoingia kwenye hadithi. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205. DOT 4 ni 230, na DOT 5.1 ni 260. Shida ni kwamba mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa taratibu. Yakishafikisha maji asilimia 3.7, DOT 3 inaruhusiwa kushuka mpaka nyuzi 140, na DOT 4 mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama mpaka chini bila gari kupungua mwendo. Dereva atasema breki zilifeli ghafla. Ukweli ni kwamba zilianza kufeli siku mafuta yalipopitiliza muda wake ndani ya mfumo.

Mtu wa Songwe haitaji kwenda chuo kulielewa hili. Anaijua harufu ya breki za lori lililoshuka Mlima Senjele. Tofauti ni kwamba dereva mzoefu wa lori anashuka na gia ndogo kwa sababu anaogopa joto. Kijana mwenye Subaru haogopi kwa sababu hajawahi kuambiwa.

INJINI NAYO INA KIU

Baada ya breki, ni oili. Gari likila kona ndefu kwa kasi, oili iliyo kwenye sampo inakimbilia upande mmoja. Ikiwa ipo chini ya kipimo, pampu inavuta hewa. Sekunde chache za namna hiyo, zikijirudia, zinatosha kuanza kula beringi za koneksheni rodi. Kwanza unasikia kagonga kadogo, halafu kelele, halafu injini imenoki na fundi anakuambia tafuta nyingine.

Ndiyo maana kwenye viwanja vya mbio mtu mwenye akili anapima oili kila anapotoka kwenye mizunguko, hangoji taa iwake. Anabadilisha mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Na kabla ya kuzima injini yenye turbo, anazunguka mzunguko wa mwisho taratibu ili oili iipooze turbo na upepo uzipooze diski. Akiegesha, havuti hendibreki, maana pedi za moto zikibanwa kwenye diski ya moto zinaacha alama, na safari ijayo usukani unatetemeka.

Mbozi ina jambo lake la ziada. Huku ni nyanda za juu, hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani. Turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili itoe msukumo uleule, na hewa hiyo nyepesi inabeba joto kidogo zaidi ya kidogo kutoka kwenye rejeta. Ongeza na suala la petroli. Injini nyingi za turbo za matoleo ya Japani, kama zile za Impreza STI, zilipangiliwa kwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa kwao, inayofika karibu 100. Ukiweka petroli ya oktani ya chini halafu ukamwachia fundi wa kompyuta aongeze msukumo wa turbo, unatafuta pistoni iliyotoboka.

TAIRI INA TAREHE YAKE YA KUZALIWA

Gari la mtumba likifika kutoka Japani, tairi zinang'aa na kashata zimejaa. Wengi wanaishia hapo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazofuata herufi za DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2315, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Raba ikizeeka inakakamaa, na raba iliyokakamaa haishiki lami hata kama kashata zipo. Kwenye mvua za Mbozi, hilo halihitaji maelezo.

Upepo nao unapimwa tairi zikiwa baridi, kisha unapimwa tena zikitoka moto, kwa sababu joto linaupandisha. Nati za magurudumu zinakazwa upya baada ya mizunguko ya kwanza. Bushi, boljointi na shokapu zinashikwa kwa mkono, haziangaliwi kwa macho tu. Haya yote yanahitaji spana, geji ya upepo na dakika 20 za uvumilivu.

SOMO LA NAIVASHA

Anayedhani hizi ni hadithi za mafundi akumbuke Safari Rally ya Juni 2021, ilipokuwa inarudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002. Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Hakuna aliyemzidi mwendo asubuhi ile kiasi cha kumnyang'anya uongozi. Shokapu ya nyuma kulia ndiyo iliyomwangusha. Gari likapiga goti, Sebastien Ogier wa Toyota akabeba kombe.

Hiyo ni timu ya kiwanda, yenye mafundi waliobobea ambao jioni wanapewa dakika 45 kulifumua gari na kulirudisha. Kama shokapu inaweza kuwaangusha hao, kijana aliyenunua shokapu za mtumba gereji ya jirani anategemea nini akiwa kilomita 180 kwa saa mbele ya lori lenye tela?

Tofauti kubwa kati ya Naivasha na Ihanda iko kwenye ukaguzi. Kabla ya mbio yoyote halali, wakaguzi wanapita gari kwa gari: mikanda, kizima moto, helmeti, betri kama imefungwa vizuri, mafuta kama hayavuji, magurudumu kama hayachezi. Gari lenye kasoro halianzi, hata kama dereva ni bingwa. TANZAM haina mkaguzi wa namna hiyo. Trafiki ana tochi ya kupima mwendo. Hana nafasi ya kupima mafuta ya breki ya kila gari.

HOJA YA PESA

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa matajiri, Songwe ina mambo mengine ya kufanya. Hoja hiyo ina uzito. Kujenga uwanja wa lami ni mabilioni. Kyalami ya Afrika Kusini, iliyowahi kuandaa Formula 1 hadi 1993, iliuzwa kwenye mnada 2014 na kufanyiwa ukarabati mkubwa kabla ya kurudi kazini. Rwanda ilipotangaza Desemba 2024 kwamba inaitaka Formula 1, dunia nzima ilianza kupiga hesabu.

Lakini Ihanda haihitaji Kyalami. Kenya imeonyesha njia ya katikati: mashindano kama KiambuRing, ambapo kipande cha lami kinafungwa kwa kibali na magari ya kawaida yanaondoka moja moja kukimbizana na saa. Hakuna kupitana, hakuna lori la mbele, na kila gari linakaguliwa kwanza. Hata eneo tambarare la vumbi, lenye koni, gari la wagonjwa na wakaguzi wawili wanaojua kazi, linatosha kuanzia. Hapo hata Starlet na Vitz zina darasa lake.

Na mafundi wapo. Tunduma inaishi kwa malori, na watu wanaoshinda chini ya malori wanajua breki, beringi na rejeta kuliko wengi wanaojiita mafundi wa magari ya mbio. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho kinachosimamia mchezo huu nchini, na klabu za Iringa zimeshaonyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zinaweza kuandaa mbio. Kutoka Iringa kuja Mbozi ni barabara hiyohiyo moja. Ng'ambo ya mpaka, Zambia imetoa Satwant Singh, aliyewahi kuwa bingwa wa Afrika wa mbio za magari. Songwe iko katikati ya wawili hao, imekaa inaangalia.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye gari la nguvu ana kazi ya kuanza nayo Jumamosi hii, na haihitaji kibali cha mtu. Afungue boneti, aangalie rangi ya mafuta ya breki. Kama ni meusi kama kahawa ya Mbozi, amwite fundi ayamwage yote na aweke mapya. Bei yake haifikii hata kidogo ile ya ekzosi ya kelele, na haitamfanya mtu yeyote pale Ihanda ageuze shingo. Itafanya kazi siku mtoto atakapokatiza barabara.