Binti Anapoitwa kwenye Mahojiano ya Kazi



Kila mwaka vyuo hutoa mabinti zetu wakiwa na vyeti vizuri, na kila mwaka baadhi yao hurudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi mikono mitupu. Sababu ni nyingi, na si zote zilizo katika uwezo wao. Kujuana kupo, na hongo ipo. Lakini iko sababu moja inayoanzia majumbani mwetu, nayo ndiyo tutakayoizungumzia juma hili. Binti amelelewa kwa adabu, kisha adabu ile ile ikamfunga ulimi mbele ya mwajiri.

Tumemfundisha asijisifu. Tumemfundisha akiulizwa na mtu mzima ajibu kwa ufupi, kwa sauti ya chini, macho yakiwa chini. Ni malezi mema, wala hatuyaonei haya. Wahojaji, hata hivyo, hawamjui. Wana dakika chache tu za kumpima, na sauti isiyosikika wao huihesabu kuwa ni kutojua.

Tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Aliposimama mbele ya mfalme wa Misri hakunyamaza akingoja kutambuliwa. Aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, akataja na sababu: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye ujuzi. Kuieleza kazi uiwezayo, kwa kweli na bila kuongeza chumvi, si majivuno.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni lile la “tueleze kuhusu wewe.” Kwetu Pwani mtu akiulizwa yeye ni nani hutaja baba, babu na mtaa. Mwajiri hakuuliza ukoo. Anataka kujua umesomea nini, umewahi kufanya kazi gani, na kwa nini umeitaka hii. Dakika mbili zatosha, na dakika hizo mbili zafaa zisemwe kwa sauti nyumbani siku kadhaa kabla, mbele ya shangazi au kaka atakayekubali kukaa barazani na kuuliza bila kucheka. Ikiwa mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza, mazoezi nayo yawe kwa Kiingereza. Sentensi fupi iliyo sahihi yapendeza kuliko ndefu inayopotea njiani, na kubana pua ili kuiga lafudhi ya wageni hakumsaidii mtu.

Lipo jambo linalotusikitisha zaidi. Mabinti wengi wamefundisha madrasa miaka miwili au mitatu, lakini katika wasifu wao hawaandiki hata neno. Kusimama mbele ya watoto thelathini wenye umri mbalimbali, kuwatuliza, kuwaandalia masomo na kuzungumza na wazazi wao ni kazi. Iandikwe, na itajwe. Vivyo hivyo kwa mama aliyekaa nyumbani miaka kumi akilea, na sasa, baada ya talaka au kufiwa, analazimika kutafuta riziki. Akiulizwa alikuwa wapi miaka hiyo asiinamishe kichwa na kusema “nilikuwa nyumbani tu.” Ikiwa alikuwa mweka hazina wa chama, aseme wanachama walikuwa wangapi na hesabu zilifungwa vipi. Ikiwa alipika mahamri na viazi vya karai kwa oda, basi amenunua, amepanga bei, amedai madeni na amewatunza wateja. Neno “tu” ndilo linalomwangusha.

Kuhusu vazi, hijabu si kasoro ya kuombewa msamaha. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, mavazi, ujauzito na hali ya ndoa, pamoja na mengineyo. Na Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo humlinda hata anayeomba kazi, si aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Buibui liwe safi, lililopigwa pasi, viatu visivyopiga kelele, na udi uwe kidogo, kwani chumba cha ofisi ni kidogo na madirisha mara nyingi hufungwa.

Asiyependa kupeana mkono na wanaume auweke mkono kifuani mapema, pale anapoingia, huku akitabasamu na kusalimu kwa sauti inayosikika. Akingoja hadi mkono wa mwenzake umenyooshwa, wote wawili huaibika. Na akiulizwa kama ataolewa karibuni au kama ana mpango wa kupata watoto, ajibu kwa upole kwamba majukumu ya nyumbani ameyapanga na hayatazuia kazi, kisha arudi kwenye kazi yenyewe. Si lazima afungue kitabu cha sheria pale mezani.

Anayevuka Likoni asiitegemee feri ya dakika ya mwisho. Na wazazi, twawaomba: msindikizeni hadi langoni, mpeni dua, mrudi. Baba anayeingia na binti chumbani, au anayempigia mwajiri simu jioni kuuliza matokeo, huharibu alichojenga mwanawe.

Tahadhari moja. Akiambiwa atume pesa ili aitwe kwenye mahojiano, au ili jina lake “lisukumwe,” asitume. Aliye na kazi ya kweli hutafuta mfanyakazi, hatafuti nauli ya mwombaji.

Walioomba mfano wa barua ya maombi ya kazi watauona katika ukurasa huu juma lijalo, inshaallah.