Kabla ya kuniuzia samaki, uliza urefu wa tangi langu

Mteja anaingia dukani, ananyoosha kidole: nipe huyu wa njano, yule wa bluu, na hao wawili wenye mikia mirefu. Muuzaji anawavua kwa wavu mdogo, anawatia kwenye mfuko wa maji, anafunga kwa raba, anapokea fedha. Hakuna swali kuhusu ukubwa wa tangi wala samaki waliomo tayari. Natunza matangi ya samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam, ya majumbani na ya maofisini, na vifo vingi ninavyoitiwa vilianzia hapo kaunta.

Simu zenyewe zinafanana. "Fundi, njoo umtoe huyu mkorofi, amewamaliza wenzake." Nakwenda, nakuta tangi la sentimita 60, maji lita 50 na kidogo, na ndani yake samaki wa mabara matatu.

Duka moja la dawa pale Sinza lilikuwa na gapi madume, asili yao Amerika Kusini. Beta mmoja, ukoo wa Thailand. Wawili wa Sumatra wenye milia minne myeusi. Na mbuna wa njano wa Ziwa Nyasa, yule ambaye wataalamu wanamwita Melanochromis auratus. Gapi walikuwa wamebaki na vishina vya mikia. Beta alijibanza juu kwenye kona, nyuma ya chujio, mapezi yamechanika, hagusi chakula. Mama mwenye duka alidhani anaumwa, na alikuwa tayari amemtilia dawa majini.

Dawa isingemsaidia. Mbuna huyo kwao ni kwenye miamba ya kusini mwa ziwa, anakokwangua mwani juu ya mawe. Dume hushika eneo lake na kulilinda kwa nguvu zote. Mgeni akiingia hufukuzwa, anajificha kwenye miamba ya mbele, na ugomvi unakwisha. Ndani ya sentimita 60 hakuna miamba ya mbele. Tangi lote ni eneo la dume mmoja, na aliyeshindwa anapigwa asubuhi, mchana na jioni mpaka afe. Tena dume huyo akikomaa ile njano iliyomuuza inapotea, anakuwa mweusi, na ukali unazidi. Mnunuzi haambiwi hilo.

Wale wa Sumatra wana kasoro nyingine. Ni samaki wa kundi. Wakiwa sita au zaidi hukimbizana wenyewe kwa wenyewe. Ukiwaweka wawili, wanahamia kwenye mapezi ya yeyote aogeleaye polepole, na beta ndiye wa kwanza.

Mbinu za kupunguza ugomvi zipo na ninazitumia. Unapanga mawe ili samaki wasionane kutoka ncha hadi ncha. Unapoingiza wageni, unabadili mpangilio wa mawe ili wenyeji nao waanze upya kutafuta mipaka, na unawaingiza kadhaa kwa pamoja, taa ikiwa imezimwa. Unaweka dume mmoja kwa majike kadhaa. Wafugaji wengine wa mbuna hujaza samaki wengi makusudi ili kipigo kisimwangukie mmoja. Haya yote yanahitaji tangi la mita 1.2 hivi, lita 200 kwenda juu, na chujio lenye nguvu. Ukijaza samaki kwenye lita 50, wale ambao hawakuuawa na mbuna watauawa na amonia inayotokana na uchafu wao wenyewe.

Sisi wa nchi hii tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na furu, waliokuwa na mamia ya aina, wakaporomoka. Aina nyingi hazijaonekana tena. Uchafuzi wa maji nao ulichangia, lakini kama ziwa la ukubwa ule halikuwa na maficho ya kutosha, sioni tunategemea nini kwenye kioo cha sebuleni.

Mwenye tangi dogo ninamshauri aina moja tu. Gapi peke yao wanapendeza. Mimi nawapenda zaidi wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, Neolamprologus multifasciatus. Dume hafiki hata sentimita 5. Wape mchanga, maji magumu, na maganda matupu ya kutosha ili kila mmoja apate lake. Watachimba, watasukuma mchanga, watagombea mpaka wa upana wa kiganja, na ukiingiza mkono kusafisha watakuja kukuuma. Ukali wanao, ila lita 50 zinawatosha kuumaliza bila kuuana. Wafugaji wa Ulaya wanawathamini sana. Hapa nyumbani, kila nikiwataja, wateja wangu wananiuliza ni samaki gani hao.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka mambo mawili. Bandikeni kwenye kila kioo urefu wa tangi ambalo samaki huyo anahitaji akiwa mkubwa, na majina ya wale wasiopatana naye. Pili, mteja akirudisha mbuna aliyeuziwa kwa tangi la sentimita 60, mpokeeni, mrudishieni fedha yake, mumwonyeshe gapi.